JE, KILA KABILA LITENGEWE MWEZI WA KUMBUKUMBU?

Mada iliyotolewa na Padre mmoja katika semina ya wajumbe wa Haki na Amani na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Bariadi





Mada niliyopewa haikushuka kutoka ofisi yoyote. Imetoka kwenu. Ninyi mmeuliza kama inafaa historia ya kabila iwekewe mwezi wake katika mwaka, na Kamati ikaona kwamba swali hili lisiachwe likazungumzwa vilabuni tu. Nitalijibu hatua kwa hatua, na mwishoni nitaacha maswali ili Jumuiya ziendelee nalo.

1. Swali lenyewe

Wanaotaka kabila la Wasukuma litengewe mwezi wake wana sababu nzito. Wanasema kijana anayemaliza kidato cha nne hapa Bariadi anaweza kueleza vizuri Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, lakini hajui Ntuzu ilitawaliwa namna gani kabla ya Mjerumani kufika. Wanasema wazee wanakufa na maneno yao. Wanasema pia kwamba mijini Msukuma anafanyiwa mzaha kwa lafudhi yake, na mtoto anayechekwa hatimaye huona haya kwa ajili ya baba yake.

Wanaolipinga wazo hilo nao si watu wa kupuuzwa. Wanauliza: tukianza sisi, nani atawazuia wengine? Taifa hili lilijengwa kwa jasho ili mtu asiulizwe kabila lake anapoomba kazi au kura. Katiba yetu inakataza ubaguzi wa kabila. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza kusajili chama kinachotetea maslahi ya kabila moja. Tangu sensa ya mwaka 1967, sensa zetu haziulizi tena kabila la mtu. Je, tulichokitoa mlangoni tukirudishe kwa dirishani?

Nawaambieni mapema ninakoelekea. Kukumbuka ni haki ya kila jamii ya watu, na anayewanyima watu kumbukumbu yao anawadhulumu. Lakini kwa sisi tulio wengi katika mkoa huu, mwezi wa kabila si njia ya haki. Iko njia nyingine, na baadhi yake tayari tunayo.

2. Kukumbuka ni haki

Maandiko Matakatifu yamejaa agizo la kukumbuka. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima wa Israeli anayeleta malimbuko ya shamba lake hekaluni haruhusiwi kuweka kapu chini na kuondoka. Anapaswa kwanza asimulie historia ya ukoo wake: jinsi babu yake alivyokuwa mtu wa kutangatanga, jinsi walivyofanywa watumwa Misri, na jinsi Mungu alivyowatoa. Mavuno na historia vinaletwa pamoja mbele ya Mungu. Nawaomba mwone jambo moja zaidi katika sura hiyohiyo. Baada ya kusimulia, mkulima huyo anaagizwa afurahie baraka hizo pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa katikati yao. Historia ni ya Israeli, lakini mgeni yumo mezani.

Hapa kwetu kumbukumbu imepata majeraha. Utawala wa kikoloni uliwaacha watemi waliotii na kuwaondoa waliokaidi, hata utemi wenyewe ukageuka kuwa ofisi ya kukusanya kodi. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Sababu zilikuwa za msingi, kwa kuwa taifa changa halikuweza kuwa na mamlaka mia mbili. Hata hivyo, pamoja na kiti cha mtemi waliondoka pia watu ambao kazi yao ilikuwa kuhifadhi habari: nani alifika lini, mpaka ulipita wapi, mwaka gani njaa ilikuwa kali, mwaka gani ng'ombe walikufa kwa sotoka. Kanisa nalo lilikuwa na sehemu yake. Kwa miaka mingi ngoma zilihesabiwa kuwa upagani mtupu, na muumini mpya alifundishwa kuziacha pamoja na yote yaliyosimuliwa ndani yake.

Kwa hiyo kijana anayesema kwamba kuna kitu alichonyang'anywa anasema kweli. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Swali ni namna ya kukirudisha kitu hicho bila kumnyang'anya mwingine.

3. Mwezi wa kumbukumbu ulitoka wapi

Desturi ya kutenga wakati maalumu kwa historia ya jamii fulani ilianzia Marekani. Mwanzilishi wake alikuwa Carter G. Woodson, mtu mweusi ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani na ambaye mwaka 1912 alipata shahada ya udaktari katika historia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Aliona kwamba katika vitabu vya shule vya nchi yake watu weusi ama hawakutajwa kabisa, ama walitajwa kama mzigo. Basi mwezi Februari 1926 alianzisha Wiki ya Historia ya watu weusi. Alichagua Februari kwa sababu tayari watu wake walikuwa wakiadhimisha katika mwezi huo kuzaliwa kwa Abraham Lincoln na kwa Frederick Douglass. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1976, wiki ile ilitambuliwa rasmi kuwa mwezi mzima. Uingereza nayo ilianza kuadhimisha mwezi kama huo Oktoba 1987. Aidha, mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 9 Agosti iwe siku ya watu wa asili duniani, yaani jamii ndogo zilizosukumwa pembeni katika nchi za mababu zao.

Tutazame vema desturi hii ilianzishwa kwa ajili ya nani. Woodson hakuwa akitafuta fahari kwa kabila lililo kubwa. Alikuwa akitafuta kiti kwa watu walioachwa nje ya chumba. Mwezi wa namna hii ni dawa, na dawa haigawiwi kwa kuangalia ukubwa wa mwili, hupewa anayeumwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kabila gani lipewe mwezi, tuulize kwanza: hapa Simiyu, ni nani ambaye habari zake hazisimuliwi na mtu yeyote?

4. Sisi ni nani, na nani wanakaa nasi

Tuanze na jina letu wenyewe. Katika lugha yetu, sukuma ni upande wa kaskazini, kama vile dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Wasukuma ni watu wa kaskazini. Ni jina la mahali mtu alipo ukimtazama kutoka kusini. Babu zetu hawakujitambulisha kwanza kwa jina hilo. Mtu alikuwa wa Ntuzu, wa Itilima, wa Kanadi, wa Dutwa, wa Mwagala au wa Meatu, kila mahali pakiwa na mtemi wake. Jina la Usukuma kama kabila moja kubwa lilikomaa hasa wakati wa ukoloni, pale serikali ilipotaka kuwapanga watu katika makundi ya kutawalika. Basi tukisema tunataka historia ya kale ya kabila, tukumbuke kwamba historia yetu ya kale zaidi ni historia ya mahali, ya koo na ya tawala ndogondogo zilizopokea watu kutoka pande mbalimbali.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wasukuma ndio walio wengi, wala hakuna anayebisha. Lakini Meatu wapo Wataturu, wafugaji waliokuwa na malisho mapana kabla mashamba na makazi yetu hayajapanuka kuelekea kwao. Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu. Katika mapori yanayoelekea Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa matunda na asali, ambao wote kwa jumla nchini ni elfu moja na kitu tu. Busega, kandokando ya ziwa, wapo wavuvi wa makabila kadhaa. Katika miji yetu wapo wafanyabiashara, walimu na wauguzi waliokuja kutoka kila kona ya nchi na kuzaa watoto hapa.

Sasa tufanye hesabu nyepesi. Makabila ya Tanzania ni zaidi ya 120, na miezi ni 12. Tukitaka kila kabila lipate mwezi wake kwa zamu, mzunguko mmoja utachukua miaka kumi na zaidi. Hakuna atakayekubali kungoja hivyo. Kitakachotokea ni kwamba walio wengi watachukua miezi, na walio wachache watapewa dakika tano za kucheza ngoma mbele ya wageni wa heshima. Mhadzabe ambaye ardhi yake ya kuwinda inazidi kupungua hataongezewa hata hatua moja ya pori kwa mwezi wa Msukuma. Atajifunza tu, kwa mara nyingine, kwamba hapa yeye si mwenyeji.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma manung'uniko ya kwanza katika Kanisa. Wajane wa Wakristo waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wakati wajane wa wenyeji walipata. Mitume hawakuwaambia kwamba sote ni wamoja, basi nyamazeni. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na ukisoma majina yao utaona kwamba yote ni ya Kigiriki. Walio wengi waliwakabidhi wachache ufunguo wa ghala. Huo ndio mfano wa haki katika jamii yenye wengi na wachache.

5. Tunavyotaka kukumbukwa na wengine

Mtu anaweza kusema kwamba mambo ya wachache hayamhusu. Namwomba aangalie kusini. Kwa miaka mingi ndugu zetu wamehama na ng'ombe wao kutafuta malisho: Rukwa, Mbeya, Morogoro, Lindi. Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, wengi wao walikuwa Wasukuma. Walisafiri na mifugo yao hadi Pwani na Lindi, na wengi walipoteza mali njiani. Huko walikofika wao ndio wachache. Wao ndio wageni wanaosemwa vibaya.

Tungependa historia isimuliwe vipi katika vijiji hivyo? Tungependa watoto wa huko wafundishwe kwamba Msukuma ni mvamizi tu, katika mwezi wa kuwatukuza wenyeji? Au tungependa mzee wa Kisukuma aitwe naye asimulie kwa nini alihama, ukame ulikuwaje, na alipoteza nini? Kanuni ya Bwana wetu ya kuwatendea wengine kama tunavyotaka kutendewa inafaa pia katika jambo la historia.

Upo mfano mzito zaidi, nao uko jirani. Nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, serikali ya Wabelgiji iliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake. Mashuleni na katika hotuba ilifundishwa historia iliyouliza nani alikuja kwanza na nani alikuja baadaye, nani alizaliwa kutawala na nani kutawaliwa. Baadaye wanasiasa waliichukua historia hiyohiyo na kuigeuza kuwa sababu ya kuua. Aprili 1994 vilianza vile tunavyovijua. Mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Miili ya waliouawa ilibebwa na mto Kagera hadi katika ziwa letu hili la Victoria.

Siku zilezile, tarehe 10 Aprili 1994, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma. Maaskofu wetu walipotafuta jina la kuliita Kanisa la Afrika, walichagua kuliita Familia ya Mungu, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilithibitisha jina hilo mwaka 1995. Walilichagua wakati Wakristo waliobatizwa kwa maji yaleyale walikuwa wakiuana. Ndiyo maana jina hilo lisitumiwe kama pambo. Katika familia mtoto mdogo haachwi bila chakula kwa kisingizio kwamba yuko peke yake.

Sisemi kwamba mwezi wa kabila utatuletea mauaji. Tanzania si Rwanda ya wakati ule, na utani wa makabila yetu, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo uliotokana na misafara ya zamani ya kwenda pwani, umetufundisha kuchokozana bila chuki. Nasema tu kwamba swali la nani mwenyeji na nani mgeni ni moto. Usiwashwe karibu na ghala.

6. Kumbukumbu ambazo tayari tunazo

Katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza pale Bujora, Kisesa, kazi ya kukusanya nyimbo, ngoma, vyombo na habari za Wasukuma. Kutokana na kazi hiyo tuna leo Makumbusho ya Wasukuma, na tuna sikukuu ya Bulabo. Bulabo ni maua. Jina hilo limetokana na maua yanayotandazwa katika maandamano ya Ekaristi, kwa kuwa sikukuu yenyewe iliunganishwa na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Humo ngoma za Bagika na Bagalu hushindana kwa siku kadhaa, na mwenye sikio husikia ndani ya nyimbo zao historia nzima ya kulima, kuwinda na kuganga.

Angalieni jinsi sikukuu hiyo ilivyojengwa. Haikuanzishwa kwa amri ya serikali. Ilifungamanishwa na meza ya Bwana, ambayo haina kiti cha kabila. Na ushindani wa ngoma ni wa makundi mawili ya Wasukuma wenyewe, hivyo hakuna jirani anayeshindwa ili sisi tushinde. Pale pale Kisesa, Septemba 2021, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Hangaya, na yeye asili yake ni Zanzibar. Utamaduni wa mahali uliweza kumpokea mtu wa mbali.

Tunayo pia historia ya ushirika. Sukuma Union, chama kilichoanzishwa katika miaka ya 1940, kilikuwa cha kabila kwa jina. Lakini katika miaka ya 1954 hadi 1958, serikali ya kikoloni ilipozuia matawi ya TANU Usukuma, vyama vya namna hiyo pamoja na vyama vya wakulima wa pamba vilisaidia kubeba madai ya Uhuru. Wakulima waliochoka kuibiwa kwenye mizani walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Chini ya uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1955, vyama vyao viliungana katika Victoria Federation, ambayo ilikuja kuwa moja ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Hiyo ni historia ya kusimulia kwa fahari hapa Bariadi, penye pamba, na haihitaji kumdharau mtu yeyote.

Songea nako kila mwaka mwezi Februari hukumbukwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Wengi waliouawa siku hiyo walikuwa Wangoni, lakini vita ya Majimaji ilipiganwa na makabila mengi, tangu Wamatumbi wa Kilwa walioianza mwaka 1905. Kumbukumbu hiyo imekuwa ya taifa kwa sababu imefungwa katika mahali na katika tendo. Mgeni akisimama penye kaburi lile haulizwi yeye ni wa kabila gani.

Tofauti yake ni siku zinazotungwa juu. Nchini Kenya, tarehe 10 Oktoba ilipewa jina la Siku ya Utamaduni mwaka 2021, na kufikia mwaka 2024 jina lilikwisha badilishwa kuwa Siku ya Mazingira. Siku iliyowekwa kwa karatasi huondolewa kwa karatasi. Iliyowekwa mioyoni hukaa.

7. Kumbukumbu isiyoficha

Sasa nagusa penye kidonda. Wanaotaka mwezi wa historia wanataka kusimulia ushujaa. Je, tutasimulia pia mabibi zetu waliokatwa mapanga usiku, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa kuni na samadi za kupikia? Je, tutawataja watu wenye ualbino, watoto miongoni mwao, waliouawa au kukatwa viungo katika Kanda hii ya Ziwa, hasa tangu mwaka 2007, ili watu wapate utajiri? Hayo yamefanyika kwetu. Waliouawa walikuwa wa damu yetu na waliohusika walikuwa majirani. Wengi wa marehemu hao wamezikwa pamoja na majina yao, na katika koo nyingine ni mwiko hata kuwataja.

Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwafahamu watu wenye ualbino, nayo imeadhimishwa tangu mwaka 2015. Mara nyingi Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo nayo huangukia mwezi Juni. Basi katika mwezi uleule ambao Usukuma hutandaza maua na kucheza ngoma, ipo siku ya kuwalilia tuliowaua. Nadhani Mungu hakuziweka karibu hivyo ili tuipite moja na kuifurahia nyingine.

Tarehe 12 Machi 2000, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliungama mbele ya ulimwengu dhambi za wana wa Kanisa katika karne zilizopita, akaiita kazi hiyo kutakasa kumbukumbu. Mwaka 2016 Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji ya 1994. Kama Kanisa zima limeweza kusema dhambi zake hadharani, kabila halina sababu ya kushindwa. Watu wanaokumbuka ushujaa peke yake wanafundisha watoto wao uongo wa nusu.

8. Pendekezo

Kwa hayo yote, ndugu zangu, napendekeza tusidai mwezi wa kabila. Badala yake tuwe na juma moja la kumbukumbu ya mahali, kila mwaka mwezi Juni, wakati mavuno yapo nyumbani. Lifanyike katika kila kigango, na liwe na mambo manne.

Kwanza, isimuliwe historia ya kijiji na si ya kabila: nani wameishi hapa, nani walikuwapo kabla yetu, kisima kilichimbwa na nani, shule ilijengwaje, njaa zilipita lini. Kila aishiye hapo ana sehemu katika habari hiyo, awe Msukuma, Mtaturu au mwenye duka aliyefika miaka mitano iliyopita.

Pili, aliye mdogo aanze kusema. Penye familia moja ya Wataturu, iwe ya kwanza kusikilizwa, na sisi tulio wengi tufunge midomo yetu hadi imalize. Hata kama yatasemwa yasiyotupendeza kuhusu malisho na ng'ombe, tusikilize.

Tatu, Ijumaa ya juma hilo iwe siku ya toba. Wasomewe kwa majina, pale ambapo familia zimeridhia, wote waliouawa katika kijiji kwa tuhuma za uchawi au kwa ajili ya ualbino, na Misa itolewe kwa ajili yao. Familia zisilazimishwe. Lakini zijue kwamba mlango uko wazi.

Nne, maneno ya wazee yaandikwe. Vijana wetu wana simu zinazorekodi sauti. Wazitumie kwa ajili hiyo pia. Daftari na kanda hizo zitunzwe parokiani, na walimu wanaofundisha somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili wapewe nafasi ya kuzitumia. Hapo kijana wetu ataijua Berlin na Ntuzu vilevile.

Najua mtaniuliza: Padre, Wasukuma hatutapotea? Kabila lenye watu mamilioni halipotei kwa kukosa mwezi. Linapotea watoto wanapokosa babu wa kuzungumza nao jioni. Kama nyumbani televisheni imechukua nafasi ya simulizi, hata tukipewa miezi kumi na miwili haitatusaidia.

Wengine wataniuliza: tukiwasikiliza Wataturu na Wahadzabe, si watadai ardhi? Huenda. Na kama dai lao ni la haki, hatuna ruhusa ya kulikwepa kwa kuwanyima kusema. Kazi ya Haki na Amani haianzi pale ambapo walalamikaji wamenyamaza. Inaanza pale tunapokubali kusikia.

Mungu, Baba wa familia zote, atupe kumbukumbu iliyo kweli na moyo unaoweza kuibeba. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika kijiji chetu ni nani waliokuwapo kabla yetu? Habari zao tumezipata kwa nani?

2. Ni familia zipi hapa kwetu ambazo ni za wachache kwa kabila? Mara ya mwisho tuliwasikiliza lini?

3. Je, kuna marehemu ambao Jumuiya yetu inaogopa kuwataja? Tunaweza kuanza vipi kuwaombea?

4. Someni Kumbukumbu la Torati 26:1-11 na Matendo ya Mitume 6:1-7. Katika masimulizi hayo sisi ni nani: mkulima, mgeni, mjane aliyesahauliwa, au mwenye ufunguo wa ghala?

5. Chagueni mzee mmoja na vijana wawili watakaoandika simulizi zake kabla ya Juni ijayo.